Ya kiwanja

Upatu wetu ulianza mwaka 2017 hapa Scarborough, mashariki ya Toronto. Tuko watu 14. Sisi wa Tanga tunauita upatu, wenzetu wa Mombasa wanasema chama, wa Bukavu likelemba, ila pesa ni ile ile, na mwenye zamu ni yule yule anayeanza kuandika "jamani vipi" kwenye kundi wiki mbili kabla ya siku yake.

Habari ya kutoa kwa pamoja niliileta mimi, mwaka 2021. Mwezi wa tano ulitangazwa uchunguzi wa Kamloops, kule British Columbia: rada iliyopitishwa ardhini ilionyesha dalili za makaburi yapatayo 200 yasiyo na alama, kwenye uwanja wa iliyokuwa shule ya bweni ya watoto wa wenyeji wa asili. Mimi natunza wazee kwa kazi, na wiki ile mzee mmoja ninayemwogesha, mwenyeji wa asili, alikataa kula siku mbili. Hakusema kitu. Nikapendekeza kwenye kikao tuchange, tupeleke kwa shirika la watu wao hapa mjini.

Kaka mmoja wa Bujumbura akanijibu kwa upole kabisa. "Dada, usinielewe vibaya. Mimi kila mwisho wa mwezi nina watu 11 wanaoisubiri simu yangu. Hawa wana serikali tajiri. Kwa nini mimi?" Nilikosa la kumjibu, maana hata mimi nilikuwa nimetuma ada ya mtoto wa dada yangu asubuhi ile ile.

Aliyejibu ni Shangazi, mkubwa wetu kwa umri, mtu wa Mombasa. Akasema nyumba ya baba yake iko Majengo, nyumba ni yao lakini ardhi si yao, na kila mwezi hulipa kodi ya kiwanja hata kama mwenye ardhi hawajamwona mwaka mzima. "Sasa hapa mlipo, ya kiwanja mnamlipa nani?"

"Namlipa mwenye nyumba, dola 1,900," kaka akasema, na watu wakacheka.

Shangazi hakucheka. Akaendelea kwamba alisomea kwa nyanya yake, Kaloleni, na darasa la nne alivalishwa diski shingoni kwa kusema Kigiriama uwanjani. Kibao kile ukilala nacho, kesho ni viboko. "Lakini mimi jioni nilirudi kwa nyanya, nikanena Kigiriama mpaka usingizi. Hao wenzangu wa shule za bweni za hapa walikuwa wakilala huko huko." Kwa zaidi ya miaka 100 watoto wapatao 150,000 walipitishwa katika shule zile, na za mwisho zilifungwa miaka ya 1990. Kwa hiyo yule mzee wangu anayekataa kula hasimuliwi historia. Aliishi humo.

Nilirudi nyumbani nikasoma habari ya kiwanja chenyewe. Mwaka 1805 Waingereza waliandikishana upya na watu wa Mississauga, wenyeji wa asili wa hapa, ununuzi wa sehemu kubwa ya ardhi ya Toronto, zaidi ya ekari 250,000, kwa shilingi 10. Shilingi kumi! Dai la watu wa Mississauga lilimalizwa mwaka 2010, serikali ikalipa dola milioni 145. Niliipiga picha sentensi hiyo nikaitupia kundini, na tangu siku hiyo mchango wetu ukaitwa "ya kiwanja".

Kuanza tulianza vibaya. Tulichanga dola 70 kila mmoja, jumla 980, na mwekahazina akazituma kwa kadi yake kwenda shirika moja la wenyeji wa asili. Risiti ikaja na jina lake peke yake. Hapa Kanada risiti ya hisani hukupunguzia kodi ya mapato, na sheria inataka iwe na jina la mtoaji halisi, na yeye alikuwa ametoa 70 tu. Wengine walishaanza kunong'ona kwamba atajipunguzia kodi kwa jasho letu, jambo ambalo hakulifikiria hata kidogo. Akapiga simu. Mfanyakazi wa pale, mama mwenye subira, akaifuta risiti ile na kutuandikia nyingine 14. Baadaye tukajua ofisi yao ya fedha ina watu wawili. Zawadi yetu ilimla mmoja wao siku nzima. Niliona aibu ambayo mpaka leo sijaimaliza.

Utaratibu tunaoufuata sasa ulitokana na aibu hiyo. Kila anayechangia hutoa dola 25 kwa mwezi. Kati ya hizo, 15 zinakatwa moja kwa moja kwenye akaunti yake mwenyewe kwenda kwa shirika la wenyeji wa asili lililosajiliwa, bila kupitia mkononi mwa mtu, na mwisho wa mwaka risiti moja inamfuata kwa jina lake. Hizo 10 zilizobaki ndizo zinazoingia kwenye chungu, na zina hadithi yake.

Kwanza niseme la kodi, maana ndilo ninaloulizwa zaidi. Dola 15 kwa mwezi ni 180 kwa mwaka. Kwa viwango vya mwaka 2023 hapa Ontario, ukijumlisha serikali kuu na ya jimbo, dola 200 za kwanza zilikupunguzia kodi kwa asilimia 20.05, na zinazozidi hapo kwa asilimia 40.16. Kwa hiyo mtu mmoja mwenye 180 alipata nafuu ya dola 36 na senti. Lakini mke na mume wanaruhusiwa kuweka risiti zao kwa mmoja wao: 360 ziliwapa dola 104, badala ya 72 kama kila mmoja angejaza zake. Asiye na mwenza anaweza kuihifadhi risiti na kuidai mwaka unaofuata pamoja na mpya. Muda ni miaka mitano. Mwenzetu wa Bukavu aliyegundua hili alitutangazia kama mtu aliyeokota pochi.

Shirika tulilichaguaje? Orodha ya mashirika ya hisani ya mamlaka ya kodi iko wazi kwa kila mtu mtandaoni. Unaangalia namba ya usajili: tarakimu 9, kisha RR, kisha tarakimu 4. Unaangalia pia taarifa yao ya mwaka, pesa iliyoingia na ilikokwenda. Lakini mimi nilitazama zaidi bodi. Yapo mashirika makubwa yanayozungumzia wenyeji wa asili kwenye kila kipeperushi, ukifungua orodha ya wakurugenzi huoni hata mmoja wao. Tulitaka linaloendeshwa na wenyewe. Toronto hayakosekani: kituo cha Native Canadian Centre, pale Spadina Road, kipo tangu 1962, na vituo vya namna hiyo vimetapakaa miji mingi ya nchi, kwa sababu wengi wao siku hizi wanaishi mijini kama sisi. Sensa ya 2021 ilihesabu zaidi ya watu 800,000 wa jamii hizo katika miji mikubwa.

Sasa hizo dola 10. Nilipofika Kanada, siku moja nikiwa kwenye basi la Malvern niliona bango la kituo cha afya limeandikwa TAIBU. Neno la wazee, vijana wengi wa kwetu hawalijui: uwe na afya njema. Ni kituo kilichoanzishwa kwa ajili ya Weusi. Kule Oakwood kuna kituo cha sanaa kinaitwa Nia. Weusi wa Amerika wamekuwa wakichukua maneno yetu kwa majina yao tangu sikukuu yao ya Kwanzaa ilipoanza mwaka 1966, na hapa wameyaweka juu ya milango. Sisi wenye maneno tulikuwa tunapita na basi, hatubishi hata hodi.

Mwishoni mwa 2020 ulitoka utafiti kuhusu ruzuku za taasisi kubwa za hisani nchini: mashirika yanayoongozwa na Weusi yalipata chini ya senti 1 katika kila dola. Sababu mojawapo ni ile namba ya RR. Vikundi vingi havina, na hadi sheria ilipolegezwa mwaka 2022 ilikuwa vigumu kwa taasisi kuwapa pesa wasiosajiliwa. Klabu ya masomo ya jioni ya watoto wa mtaani kwetu, Wasomali, Wakongo na watoto wa Karibiani, inafanyika kwenye chumba cha chini cha kanisa na haina namba. Ukiwapa, husamehewi kodi hata senti. Tukakubaliana: 10 ziende huko bila risiti. Wote 14 wakitoa, ni dola 140 kila mwezi.

Hapo nikafanya kosa langu mwenyewe. Niliwaandalia fomu ya kurasa nne: malengo, matokeo, idadi ya watoto, picha. Dada anayeiendesha klabu aliisoma akiwa amesimama, akanitazama. "Mama, kwa dola 140 mnataka kurasa nne? Mimi mwenyewe ndiye ninayenunua vitafunio, ndiye ninayewafungia mlango." Nikaikunja fomu nikaitia mkobani. Siku hizi nampigia kila baada ya miezi mitatu, namuuliza hali, naye hunieleza anachotaka kunieleza. Pesa analipia anachoona. Mwezi uliopita ililipia nauli.

Kuhusu kukatwa kila mwezi badala ya mara moja kwa mwaka, fundisho lilitoka kwa yule mama wa risiti 14. Alituambia septemba, watu wanapovaa mashati ya rangi ya chungwa kuwakumbuka watoto wa shule zile za bweni, simu hailali. Mashirika ya Weusi nayo yana februari yao, mwezi wa historia ya Weusi. "Machi," akasema, "nasikia saa ya ukutani tu. Na kodi ya jengo hailipwi kwa msimu."

Wawili kati yetu wamepoteza kazi mwaka huu wakasimamisha, hakuna aliyewauliza. Kaka wa Bujumbura, baada ya zile 70 za mwanzo, alikaa miaka miwili bila kuchangia. Tarehe mosi, Shangazi huandika kundini maneno yale yale: "Ya kiwanja imetoka?" Watu hujibu kwa kidole gumba. Januari iliyopita vidole vilikuwa 12, kikaingia cha 13, cha kaka, na chini yake ameandika: "15 tu kwanza. Zile 10 bado ni za nyumbani."

Shangazi akamjibu, "Karibu, mpangaji."