Nilivyochagua SSD ya laptopu yangu ya mwaka 2012 nikiwa Lamu

Kwa miaka sasa nimekuwa nikizunguka visiwa vyetu na kinasa sauti, hapa mjini, Matondoni, Siyu na Pate, nikiwarekodi watu wazima wakighani tendi, wakiimba nyimbo za arusi na kueleza kazi za jahazi. Kila rekodi huishia ndani ya laptopu yangu, Lenovo ThinkPad X230, iliyokuja mitumba kutoka Uingereza. Ni mashine ya 2012, ina kibodi ninayoipenda na betri inayochomoka, na sina nia ya kuiacha. Lakini diski yake ngumu ilianza kuzeeka. Ikawa inakwama, inatoa mlio wa kugonga-gonga, na kufungua faili moja ya sauti kukawa ni kungoja.

Mzee mmoja niliyekuwa nimemrekodi aliniuliza, "Mwanangu, hiyo sauti yangu hutoipoteza?" Nikamwambia, "La, baba, inshallah." Neno hilo nilikuwa nimelichukulia kama ahadi, kwa hiyo sikungoja diski ife.

Kabla ya kuwaza kununua chochote nilipima hali ya diski kwa programu ya smartctl. Inatoa jedwali refu, lakini mistari miwili ndiyo niliyoitazama: namba 5, inayohesabu sehemu za diski zilizoharibika zikahamishwa, na namba 197, inayohesabu sehemu zilizoshindwa kusomeka zinazosubiri kuamuliwa. Diski yenye afya hutakiwa kusoma sifuri hapo. Yangu haikuwa sifuri, na nilipopima tena baadaye tarakimu zilikuwa zimepanda. Siku hiyo hiyo nilinakili rekodi zote kwenye diski ya nje. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza kwa yeyote mwenye diski ya namna hii, kabla ya bisibisi na kabla ya duka.

Kwamba nitaweka SSD, yaani diski inayohifadhi data kwenye chipu, hilo halikuwa na mjadala. Ndani ya diski ya zamani kuna sahani zinazozunguka, yangu mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kinachoelea juu yake kwa mwanya mdogo kuliko unene wa unywele. ThinkPad ina kihisi kinachokiondoa kichwa hicho kikisikia mtikisiko, lakini anayesafiri kwa mashua wakati wa kusi anajua mtikisiko wetu si wa kupita mara moja. SSD haina kinachozunguka. Na uzito wa mwendo wa diski ya zamani unatoka papo hapo: kila ikitafuta kipande kidogo cha data, kichwa lazima kisogee na sahani izunguke mpaka pahali pake, kama milisekunde kumi na kitu kila mara. Ukiwasha kompyuta, inatafuta maelfu ya vipande vidogo.

Swali likawa ni SSD gani. Hapa ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa, kwa sababu neno SSD linabeba vitu vya maumbo tofauti visivyoingiliana. Ipo ya inchi 2.5, ya umbo la diski ya kawaida ya laptopu. Ipo mSATA, kadi ndogo ya upana wa sentimita 3 na urefu wa sentimita 5. Na ipo M.2, kadi nyembamba kama kipande cha chingamu, ambayo hupimwa kwa namba: 2280 maana yake upana milimita 22 na urefu milimita 80, 2242 ni ile fupi ya milimita 42. Tena M.2 yenyewe ni umbo tu. Ndani yake inaweza kuzungumza SATA au NVMe, lugha mbili tofauti za diski kuongea na kompyuta, ya pili ikiwa mpya na yenye kasi zaidi, na soketi ya SATA pekee haitaitambua kadi ya NVMe hata kama imeingia vizuri.

Kwa hiyo nilianzia kwenye laptopu. Jina kamili la modeli limeandikwa kwenye kibandiko chini yake, na Lenovo hutoa bure kitabu cha mafundi cha kila modeli, chenye picha za kila skrubu. Nikakipakua na kusoma ukurasa wa diski, kisha nikafungua mwenyewe kuhakikisha. X230 ni rahisi: unazima, unachomoa betri, unalegeza skrubu moja chini, kifuniko cha ubavuni kinatoka, na diski inavutwa kwa utepe wake. Imevaa reli mbili za mpira pembeni, na hizo huhamishiwa kwenye diski mpya.

Nilichokigundua kwenye kipimo ndicho kilichoamua mambo. Diski za inchi 2.5 zina unene wa aina mbili zinazojulikana sana, milimita 9.5 na milimita 7. X230 inapokea ya milimita 7 tu. Jirani yangu ana ThinkPad T430, ndugu wa X230 wa mwaka ule ule, na yeye nafasi yake ni ya 9.5; akiweka ya 7 inalegea kidogo na anahitaji kijipande cha plastiki cha kujazia. SSD nyingi za inchi 2.5 za siku hizi ni za milimita 7, lakini ukinunua iliyotumika, pima kwa rula.

Soketi yenyewe ni SATA ya kizazi cha tatu, gigabiti 6 kwa sekunde. Kwa vitendo hiyo hufikisha kama megabaiti 550 kwa sekunde, na hapo ndipo dari ilipo. Kuna pia nafasi ya pili ndani, iliyokusudiwa kadi ya laini ya simu, inayokubali mSATA. Niliifikiria, kwa sababu ningeweza kuweka mfumo wa kuendeshea kompyuta humo na kuacha diski kubwa pale pale. Lakini nafasi hiyo ni SATA ya kizazi cha pili, nusu ya mwendo, kuifikia lazima uondoe kibodi na sehemu ya kuegemezea viganja, na diski ambayo ingebaki ni ile ile iliyokuwa inakufa. Nikaiacha.

Kulikuwa na jambo lililokuwa likinitia wasiwasi: nilikuwa nimesikia kwamba BIOS ya X230, programu ya ndani inayoiwasha mashine, hukataa vifaa isivyovijua. Ni kweli, lakini kwa kadi za WiFi. Diski haizichagui.

Lamu vifaa hivi havipatikani kwa wingi, kwa hiyo nikapiga simu dukani Mombasa. Kijana aliyepokea alikuwa mkarimu na mwepesi wa kuuza.

"Dada, chukua hii ndogo ya NVMe. Hii ndiyo ya kisasa, mwendo wake megabaiti elfu tatu na mia tano kwa sekunde."

"Kaka, ahsante, lakini mashine yangu ni ya 2012. Haina soketi ya M.2."

"Basi nakupa na kasha la kuigeuza iwe inchi 2.5."

Hapo nikamwomba anisomee maandishi ya kasha. Lilikuwa la M.2 SATA. Makasha hayo yapo na yanafanya kazi, ila hubadilisha umbo tu. Lugha ya kadi hubaki ile ile. NVMe ndani ya kasha la SATA haionekani kabisa. Wengine hutazama mikato kwenye meno ya kadi: mikato miwili wanasema ni SATA, mmoja ni NVMe. Hiyo ni dalili nzuri lakini haitoshi, kwani zipo NVMe zenye mikato miwili. Soma maneno kwenye lebo. Yule kijana alielewa mara moja, akaniambia, "Sawa dada, basi nikutafutie SATA ya kawaida," na tukaelewana vizuri tangu hapo.

Ukubwa niliupata kwa hesabu. Mimi hurekodi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24, njia mbili. Hizo ni baiti 288,000 kila sekunde, karibu gigabaiti 1 kwa saa. GB 240 ingenitosha kwa muda mfupi tu, ukiondoa mfumo na programu. GB 500 inanipa zaidi ya saa 400 za sauti, na nafasi kidogo ya kuachwa wazi, maana SSD ikijazwa pomoni hupungua kasi. Mtu wa barua na hesabu za duka, GB 240 inamtosha kabisa, na sioni sababu ya kumwambia atumie zaidi.

Baada ya hapo nililinganisha uimara. Watengenezaji hutaja kiasi cha data kinachoweza kuandikwa ndani ya dhamana, kwa terabaiti. Kingston A400 ya GB 480 imetajwa terabaiti 160, dhamana miaka 3. Samsung 870 EVO ya GB 500 imetajwa 300, dhamana miaka 5, na ina kumbukumbu yake ya muda ndani, kitu ambacho A400 haina. Kusema kweli hata 160 ni nyingi: ukiandika GB 40 kila siku bila kukosa, itakuchukua zaidi ya miaka 10. Kwa laptopu ya shule au ya ofisi ningechukua A400 bila wasiwasi. Kwa sauti za watu ambao baadhi yao wameshatangulia mbele ya haki, nilichukua 870 EVO.

SSD inayouzwa terabaiti 2 kwa bei ya GB 240 nilionyeshwa pia, na muuzaji mwingine. Ganda la namna hiyo likifunguliwa, mara nyingi ndani hukutwa kadi ya kumbukumbu iliyodanganywa kuripoti ukubwa isiokuwa nao. Inapokea faili zako zote kwa utulivu, kisha huandika juu ya zile za mwanzo. Kwa kazi kama yangu hakuna hasara mbaya kuliko hiyo.

Kifurushi kilikuja kwa basi hadi Mokowe, kikavuka kwa boti. Kabla ya kukitia ndani nilikiunganisha kwa kebo ya SATA kwenda USB na kukijaribu kwa programu ya f3, ambayo hujaza diski nzima kwa data kisha huisoma yote tena kuona kama inalingana. Inachukua saa kadhaa. Niliiacha usiku, na asubuhi hakukuwa na hata kipande kilichopotea.

Kuingiza kulikuwa kazi ya dakika chache: reli za mpira, kusukuma taratibu mpaka meno yakamate, skrubu. Nikawasha na kubonyeza F1 kuingia BIOS, nikahakikisha SATA iko kwenye AHCI, hali ya kisasa ya kuongea na diski. Mashine nyingine zilizopita mikono mingi hukutwa zimewekwa kwenye hali ya zamani ya uoanifu, na SSD haipati haki yake.

Sikunakili mfumo wa zamani. Diski inayokufa inaweza kukupa nakala yenye faili mbovu bila kukuambia, na Windows 10 iliyokuwa humo Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa upande wake haiorodheshi vichakataji vya Intel vilivyotangulia kizazi cha nane, isipokuwa vichache, na X230 ni kizazi cha tatu. Nikaweka Linux Mint, mfumo wa bure, kwa flashi, nikarudisha rekodi kutoka diski ya nje, na kulinganisha alama za uhakiki za kila faili, namba zinazobadilika faili ikiharibika hata kidogo.

Sasa inawaka kabla sijamaliza kufungua daftari langu. Programu ya kuhariri sauti inafunguka papo hapo, na ninaweza kumchezea bibi wimbo wake akiwa bado amekaa jamvini, asingoje. Haipigi kelele, na hilo kwa mrekodi ni neema, kwa sababu zamani mlio wa diski uliingia ndani ya rekodi za chumba kimya.

Diski ya nje nimeiacha kwa dada yangu Malindi, na nakala ya tatu inakaa huku kwenye sanduku la mbao, mbali na dirisha la baharini. SSD nayo hufa, na ikifa mara nyingi haigongi-gongi kwanza. Binamu yangu ameshaniletea Dell Latitude E7440 yake akitaka nimfanyie vile vile. Hiyo inaweza kuwa inatumia mSATA, kwa hiyo nimemwambia asinunue kitu bado, tuifungue kwanza tuitazame.