Saa orijino na kopi, haya ndo maoni yangu

Yaani ugonjwa wa saa ukishakuingia hautoki. Mimi kinachonimaliza ni mashine ya ndani, hasa zile otomatiki, hazina betri kabisa, ukitembea mkono unazungusha kipande cha chuma humo ndani nacho kinakaza springi, afu springi inaachia nguvu kidogo kidogo mpaka mishale inaenda. Nyingi za kisasa zinapiga mapigo 28,800 kwa saa moja, yaani 8 kila sekunde, ndo maana mshale wa sekunde unateleza badala ya kurukaruka kama wa saa ya betri.

Ila msidanganyike eti mshale ukiteleza basi ni orijino, hapana, kopi nazo siku hizi zinafungwa mashine otomatiki na zinateleza vilevile, lazima fundi afungue mfuniko wa nyuma aangalie.

Kuvaa kopi huku unajua ni kopi, hiyo juu yako, japo kampuni yenye jina lake ina haki ya kukasirika. Kumuuzia mtu kama orijino huo ni wizi tu.

Na historia haikopiwi jamani! Saa ya Omega Speedmaster imetoka 1957, na 1969 mwanaanga Buzz Aldrin akaivaa mwezini kabisa. Royal Oak ya kampuni ya Audemars Piguet nayo, 1972, mbunifu wa saa Gérald Genta kachora saa ya chuma cha pua ikauzwa bei ya kuzidi hata baadhi ya za dhahabu, watu wakashangaa, leo inatafutwa balaa.

Bajeti ndogo? Anza na Seiko za zamani, mashine zake ngumu na mafundi wengi wanazijua.