Saa ya ukutani Gwangju, saa ya mama Pangani

Saa 11:30 alfajiri

Kengele ya simu inalia. Natazama ukutani: mshale mfupi umepita tano, mrefu uko kwenye sita.

Korea Kusini imeitangulia Tanzania kwa saa 6, na sisi Waswahili tuna zetu 6 za kutofautiana na mshale. Zikikutana zinafutana. Namba anayoisoma Mkorea kwenye saa yake ndiyo saa anayoitamka mama yangu Pangani dakika hiyohiyo. Hapa Gwangju mshale unasema tano na nusu. Kule ni saa tano na nusu usiku, mama ameshalala kitambo. Huu ni mwaka wangu wa tatu hapa na sijawahi kupiga hesabu za saa. Nikiwaeleza wenzangu wa maabara wananitazama kama nawatania.

Nje mvua. Julai ndiyo masika yao, wanayaita jangma, na unyevu wake ni wa Tanga kabisa. Naswali, nachemsha chai ya tangawizi, natoka na mwavuli.

Saa 1:15 asubuhi

Nasomea uzamivu katika fizikia ya leza kali. Nyumbani nikitaja leza, watu wanafikiria kile kitaa chekundu cha kuonyeshea ubaoni. Ya kwetu ni ya terawati 100. Bwawa la Julius Nyerere likizungusha mitambo yake yote linatoa megawati 2,115. Leza yetu inalizidi zaidi ya mara 47,000. TANESCO wasije kutuulizia umeme, lakini. Nguvu hiyo inadumu femtosekunde 30 tu (igawe sekunde moja vipande milioni, kila kipande ukigawe tena vipande bilioni, kimoja ndiyo femtosekunde), na nishati iliyomo ndani yake ni jouli 3, kama ya kuinua kilo moja ya sukari sentimita 30 kutoka mezani. Ujanja wote uko kwenye ufupi wa muda. Mwanga, ambao kutoka mwezini mpaka hapa hutumia sekunde moja na kidogo, katika femtosekunde 30 unasogea mikroni 9. Unywele wako ni mnene mara kadhaa kuliko hapo.

Na hii ni leza ndogo. Mji huuhuu una dada yake mkubwa wa petawati 4, yaani terawati 4,000, ambaye mwaka 2021 ilitangazwa kwamba mwanga wake ulibanwa mpaka ukazidi wati 10²³ kwa kila sentimita ya mraba, rekodi ya dunia. Ni kama uchukue jua lote linaloiangukia Dunia, ulikusanye kwenye kijitundu chembamba kuliko unywele. Sisi tunajaribia vitu huku kwa mdogo kabla ya kuthubutu kuomba zamu kwa mkubwa.

Kuingia kuna mavazi yake. Ovaroli nyeupe, soksi za nailoni juu ya viatu, kofia ya kitambaa juu ya hijabu, beji ya kupima mionzi kifuani. Chembe moja ya vumbi ikitua kwenye kioo, mwanga unaichoma, inaacha alama nyeusi, na kioo hicho kina bei ya gari. Nikishavaa nawasha leza za kijani zinazoilisha fuwele ya yakuti, halafu nakaa. Zinahitaji saa nzima kutulia kwenye joto lake. Ukizikurupusha zitakusumbua siku nzima.

Saa 3:00 asubuhi

Kikao. Wiki hii tuna wageni. Wawili wametoka Osaka na sumaku na skrini ya kupimia elektroni. Mmoja, kijana wa Mumbai, ameleta kidude cha chuma kisichozidi kidole gumba, ambacho fundi wa dizeli wa kwetu angekitambua mara moja: nozeli. Inapuliza heliamu kwa kasi kubwa ndani ya chumba cha ombwe, na leza inapita katikati ya ule mpulizo ili izikimbize elektroni zake.

Mtoto wa pwani haelewi hili kwa shida. Chombo kikipita kwa kasi kinaacha mawimbi nyuma yake, na ngalawa ndogo ikijipachika vizuri kwenye wimbi inabebwa bure. Leza ndiyo chombo, gesi iliyopasuka kuwa plazma, yaani elektroni zake zimebanduka kwenye atomi, ndiyo bahari, elektroni ndiyo ngalawa. Wazo hilo liliandikwa mwaka 1979 na Toshiki Tajima na John Dawson, wakati leza ya kulifanya haikuwepo. Ilibidi kusubiri mpaka 1985, Donna Strickland na Gérard Mourou walipopata njia ya kuukuza mwanga bila kuvunja vioo. Fikiria daraja la miti na watu mia wenye mizigo. Wakipita kwa mkupuo litakatika. Wapange mmoja nyuma ya mwenzake, wapite, kisha wakumbatiane ng'ambo. Mwanga nao unanyooshwa urefu maelfu ya mara, unakuzwa ukiwa umetawanyika, halafu unakunjwa tena mwishoni kabisa. Walipewa Nobel mwaka 2018, na bila wao nisingekuwa na kazi.

Kikao chenyewe kilitumia dakika ishirini kwenye neno "kushoto".

Jana Waosaka waliandika kwamba skrini isogezwe milimita mbili kushoto. Kushoto kwa nani? Wao husimama na kutazama mwali unakokwenda. Sisi tumezoea kuutazama unakotoka. Kijana wa Mumbai alisema kwao kushoto ni kushoto kwa picha ya kamera, na kamera yetu imefungwa kichwa chini. Nilimkumbuka marehemu baba. Kwenye jahazi hakuwahi kusema kulia wala kushoto. Alisema upande wa joshini na upande wa demani, kwa sababu upepo haubishaniwi. Nikawasimulia. Mkubwa wa Osaka alicheka, akachukua utepe wa rangi na kubandika ukutani: nyekundu upande wa mlangoni, njano upande wa dirisha. Tangu hapo hakuna kushoto. Kuna "mlangoni" na "dirishani", na kijana wa Mumbai sasa anayataja kwa Kiswahili.

Saa 4:00 asubuhi mpaka saa 7:00 mchana

Kunyoosha mwali. Hii ndiyo kazi, mengine ni hadithi.

Mwanga wetu una urefu wa mawimbi wa nanomita 800, jicho halikuoneshi kitu ila wekundu hafifu wa kudanganya, nao unaweza kukupofua. Kwa hiyo unavaa miwani ya kinga na unautafuta kwa kadi maalumu inayong'aa pale ulipotua. Nguvu imepunguzwa mpaka tone. Nashika kadi mkono wa kushoto, mkono wa kulia uko kwenye skrubu ya kioo. Mdogo wetu wa Kikorea, mwaka wake wa kwanza, yuko kwenye kompyuta na ananitajia namba. Ananiita eonni, yaani dada. "Eonni, bado. Bado. Umepitiliza."

Skrubu hiyo huizungushi. Unaifikiria. Unaegemeza kiganja mezani, unatoa pumzi, unaiacha damu ya kidole isukume. Nikipumua vibaya doa linaruka nje ya picha na tunaanza upya. Tunataka doa liwe duara safi juu ya mdomo wa nozeli, na leo lilikuwa linatoka kama kokwa ya embe. Tulilikunja na kulikunjua kwa karibu saa mbili. Chanzo kikawa kioo cha tatu kutoka mwisho, kilichokazwa kupita kiasi hata kikapinda kwa kiasi kisichoonekana kwa macho. Nililegeza skrubu robo mzunguko na duara likatulia. Yule mdogo wetu alipiga kofi moja, akajikumbuka, akanyamaza.

Wakorea wana neno lao, ppalli-ppalli, upesi upesi, na hata mgahawani utalisikia. Kwenye chumba hiki halina kazi.

Chakula cha mchana: wali, supu, samaki wa kukaanga, kimchi. Dakika kumi na tano.

Saa 8:00 mchana

Mshale kwenye mbili. Kwa mama ni saa mbili asubuhi na ndiyo zamu yake ya kupiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula? Leo mnapiga leza?"

Mama anaulizia majaribio kama alivyokuwa akimuulizia baba bahari. Nikamwambia tunapiga saa tisa, akasema haya, Mungu awape.

Saa 9:00 alasiri

Kabla ya kupiga, mtu mmoja anakipekua chumba chote, anabonyeza vitufe vilivyowekwa kwenye pembe, anatoka mwisho na kufunga mlango mzito. Elektroni zikigonga chuma zinatoa mionzi, kwa hiyo asibaki mtu ndani. King'ora kinalia mara tatu. Sote saba tuko chumba cha pili, macho kwenye skrini.

Pigo la kwanza: giza. La pili: giza. Tulipiga mara ishirini, tukibadilisha shinikizo la gesi kila baada ya mapigo matano. Giza tupu.

Hapo macho yakaanza kumgeukia kijana wa Mumbai. Hakuna aliyesema kitu, lakini nozeli ndiyo kitu kipya, na mgeni ndiye mwenye nozeli. Alianza kueleza haraka haraka jinsi alivyoipima kwao, akafungua kompyuta yake kutuonesha michoro ambayo hakuna aliyeiomba. Shingo ilikuwa imemtoka jasho. Mimi nikawa naitazama picha ile nyeusi, na nikaona ni nyeusi mno. Kamera iliyo wazi huwa na chembechembe za kelele, yaani vidoadoa visivyo na maana kwenye picha. Hii ilikuwa kama kaniki.

Mfuniko. Nilikuwa nimeifuta lenzi ya kamera asubuhi kwa mikono yangu, nikaurudisha mfuniko vumbi lisiingie.

Unatamani ardhi ipasuke. Nilisema, "Nozeli ni nzima, kosa ni langu," kisha ikabidi leza izimwe, tungoje kipimo cha mionzi kiruhusu, mlango ufunguliwe, nivae upya, niingie mbele ya watu sita kwenda kutoa kifuniko cha plastiki cha ukubwa wa sarafu. Zaidi ya nusu saa ilikwenda. Kijana wa Mumbai hakunisema neno. Alinipokea mlangoni akaniomba mfuniko, akautia mfukoni mwake, akasema ataulinda yeye mpaka wiki iishe.

Pigo la ishirini na moja lilitupa doa jeupe. Sumaku inapinda elektroni. Zenye nguvu ndogo hupinda sana, zenye nguvu kubwa hupita karibu zimenyooka. Hili lilitua mbali upande wa dirishani, ambako ndiko tulikotaka: zaidi ya megaelektronivolti 200 (ndicho kipimo cha nishati ya elektroni), kutoka kwenye mpulizo wa gesi wenye urefu wa milimita chache. Mzee wa Osaka alivua miwani yake akaifuta, akaivaa, akaangalia tena.

Saa 1:30 usiku

Tambi za kikombe, kila mtu amesimama. Takwimu zinanakiliwa mara tatu: za Osaka, za Mumbai, zetu.

Magazeti yanapenda kuandika habari za leza hizi kama mbio. Shanghai wana petawati 10, Kizugawa kule Japani wana leza iitwayo J-KAREN-P, Osaka walishakuwa na yao, GEKKO XII, tangu 1983, nani atamzidi nani. Mbio zipo, siwezi kudanganya, na fedha za serikali zinafuata rekodi. Ila kwa hapa nilipo naona zaidi watu wanaoazimana skrubu. Jana sumaku ya Kijapani ilikataa kukaa kwenye meza ya Kikorea kwa sababu matundu ya meza yamepangwa kwa inchi na ya sumaku kwa milimita, na aliyeokoa siku ni bamba alilolichonga fundi wa karakana yetu usiku wa manane. Jina la fundi huyo halitakuwa kwenye makala tutakayochapisha. Nimelisemea, nimeambiwa ataandikiwa shukrani mwishoni. Sijaridhika.

Saa 4:00 usiku

Mshale kwenye kumi. Pangani ni saa kumi jioni, mama yuko barazani. Nampigia nikiwa njiani, mvua imekatika.

"Haya, mmepiga ngapi?"

"Mia na arobaini."

"Mkapata?"

"Nzuri hasa, tisa."

Kimya kidogo. "Tisa katika mia na arobaini? Marehemu baba yako angeshauza nyavu."

Nikamsimulia la mfuniko. Alicheka mpaka nikasikia jirani anamuuliza kuna nini, naye akaanza kumsimulia upya, akiiita leza yangu "ile tochi yake".

Kesho saa 1:15 tena. Nimejiandikia kwa kalamu juu ya mkono: MFUNIKO. Halafu nikakumbuka uko mfukoni mwa kijana wa Mumbai, na yeye ameshalala.