Miaka 14 na kamera moja ndogo, kutoka Newala hadi Shangani

Mlango wa betri wa kamera yangu unafungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Kibanio chake cha plastiki kilikatika mwaka 2015, na tangu hapo nimebadilisha tyubu mara tano au sita, kamera ni ile ile. Kijana mmoja hapa Shangani, Mtwara mjini, aliiona juu ya meza akaniuliza, "Mwalimu, hiyo redio inashika stesheni gani?"

Niliinunua Kariakoo Agosti 2010, nikiwa nafundisha shule ya msingi katika kijiji kimoja cha wilaya ya Newala. Nilitoa shilingi 230,000, hela ya korosho ya msimu uliopita, na nyumbani nilisema ni 150,000. Ni zile kamera za kuingia mfuko wa shati: megapikseli 8, zumu ya mara 4, na betri mbili ndogo, zile zile za rimoti. Muuzaji alikuwa ananisukumia nyingine, nyembamba na ya kung'aa, yenye betri yake maalumu. Nikamwuliza, kwetu hakuna umeme, nitaichajia wapi? Akairudisha kabatini bila ubishi. Swali lile ndilo limenifikisha hapa leo, maana waliochukua zile nyembamba, betri ilipokufa baada ya miaka mitatu minne hawakupata nyingine ya kufanana nayo, si Mtwara wala Dar.

Nilirudi nayo kwa basi nimeifunga kwa kanga mbili. Wakati huo kipande cha Ndundu hadi Somanga kilikuwa bado hakina lami, na vumbi la pale lilipenya hata ndani ya mkate uliofungwa kwenye nailoni.

Wiki ya kwanza nusura nijute. Niliweka betri za dukani kwa jirani, zile za bei ya chini kabisa, nikapiga picha 11 kamera ikazima. Nikadhani nimeuziwa mbovu. Kumbe betri zile zinatosha saa ya ukutani, ambayo hula umeme kidogo kidogo. Kamera inapofungua lenzi au kuwasha flashi inataka umeme mwingi kwa mkupuo, nazo hazina. Nilipopata za alkalaini kutoka Masasi nikafika picha 150 na zaidi. Baadaye nikaagiza nne za kuchaji pamoja na chaja yake. Nilikuwa nazipeleka kwa mwenye sola pale senta, shilingi 500 kwa mara moja, zinarudi na nguvu ya picha 300. Kasoro yake ni moja: ukizichaji leo ukaziweka kabatini mwezi mzima, siku ya shughuli utazikuta zimeshuka zenyewe. Zichaji usiku wa kuamkia kazi.

Kamera ikisema betri imekwisha wakati unajua umeziweka jana, usikimbilie dukani. Sugua ncha za betri na vile visahani vya ndani kwa ufutio wa penseli. Mimi ni mwalimu, ufutio haukosekani. Mafuta ya vidole na chumvi ya hewani hujenga utando usioonekana, umeme unapita kwa taabu. Na kama hutatumia kamera kwa wiki mbili, toa betri nje. Niliwahi kuziacha likizo nzima, moja ikavuja. Nilisafisha ule ungaunga kwa pamba yenye tone la maji ya limao, nikakausha, ikapona, ila alama ya kutu ipo mpaka leo.

Njia nyingine ya kubana betri ilikuwa kuzima kioo cha nyuma na kuchungulia kwenye kile kitundu cha juu. Kamera ndogo nyingi za siku hizi hazina hicho kitundu, nami nilikipenda sana. Lakini kina hila yake. Kitundu kipo juu ya lenzi, kwa hiyo jicho lako na jicho la kamera haviangalii kupitia mahali pamoja. Kwa kundi lililo mbali haina neno. Mtu akiwa karibu halafu ukavuta zumu, wewe unamwona kichwa chote, kamera imemkata utosi. Nilichelewa kulijua hilo.

Kazi iliyoniletea hela ilikuwa ni sherehe za wari. Anayetoka huku anajua: watoto wakitoka jandoni au unyagoni, kijiji kizima kinavaa sare, wari wamebebwa mabegani, miwani myeusi, miavuli, ngoma, watu wanatunza noti. Ya ndani hayapigwi picha na sikuwahi hata kuuliza. Siku ya kutoka ndiyo yangu. Picha moja shilingi 1,500, nusu unalipa papo hapo, nusu nikileta. Kusafisha nilikuwa natuma Mtwara kwa kondakta wa basi.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba kamera ilikuwa inatuonea sisi watu weusi. Wanafunzi wa darasa la saba wamejipanga siku ya mahafali, mashati meupe yametakata, picha ikitoka mashati yana rangi ya majivu na nyuso ni giza tupu. Mzazi mmoja aliniambia, "Mwalimu, nimelipia shati?" Ilinichukua mwaka mzima kuelewa. Kamera haijui inaangalia nini. Inachanganya mwanga wote inaouona na kutaka jumla iwe ya wastani, si nyeupe si nyeusi. Ikiona mashati 40 meupe inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na wanaoumia ni wenye nyuso. Dawa ni ile alama ya kujumlisha na kutoa: pandisha hadi theluthi mbili, au moja nzima kama ni kanzu tupu. Na saa sita mchana, mtu akiwa chini ya mwavuli au mwembe, lazimisha flashi iwake hata kama jua linachoma. Watu walinicheka, "mwalimu anawasha taa mchana," lakini macho ya wari yalionekana. Nilianza kupata wateja hadi wa kutoka Kitangari.

Usiku sijawahi kuiweza. Ukipandisha uwezo wa kuona gizani, ile namba ya ISO, zaidi ya 400, picha inakuwa kama imenyunyiziwa mchanga. Ngoma za usiku niliwaachia wenye mashine kubwa.

Julai 2013 mkwe wangu alinunua bloa mpya ya kupulizia mikorosho, akataka picha nayo mgongoni ikiwa inafanya kazi. Mkwe hakataliwi. Kwa wasiojua, mikorosho huku hupigwa salfa ya unga kuanzia Juni kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga, nayo hupulizwa alfajiri upepo ukiwa umelala. Ni unga wa manjano laini kuliko poda, unakaa hewani kama moshi. Nikapiga picha sita, nzuri sana kwa kweli, jua likipenya kwenye lile wingu. Kesho yake kuwasha kamera, krrr, lenzi ikatoka nusu, ikakwama, kioo kikaandika kuna hitilafu ya lenzi, ikazima.

Fundi mmoja aliniambia nitupe, kuifungua tu ni 60,000 na hana uhakika. Nikaenda nayo nyumbani kwa huzuni. Nilifanya hivi: nikaweka betri mpya kabisa, kwa sababu betri dhaifu nazo hukwamisha lenzi, nikaielekeza kamera chini ili kitakachotoka kianguke, nikachukua brashi ya poda ya mke wangu (mpya, naye hajanisamehe) nikafagia kuzunguka mdomo wa lenzi, kisha nikakata ukanda wa karatasi ya daftari, nikauzungusha taratibu kwenye nafasi kati ya pete moja na nyingine. Unga wa manjano ulikuwa unatoka kidogo kidogo. Nawasha, inakoroma, nazima, narudia. Siku ya tatu jioni ikafunguka. Usipulize kwa mdomo, mate ni maji. Na usithubutu kuweka pampu ya baiskeli, utausukuma unga ndani usikofikika. Mimi chembe kidogo ziliingia hata hivyo: nikivuta zumu mpaka mwisho nikapiga mbingu, kuna doa la kijivu juu kulia. Lenzi haichomoki, kwa hiyo nimekaa nalo miaka 11. Tangu siku ile, msimu wa salfa kamera inakaa ndani ya nailoni mbili, na mkwe anapigwa picha sebuleni.

Mwaka 2017 nilihamishiwa Mtwara mjini. Nilidhani nimeokoka vumbi, nikakutana na bahari. Kuanzia Desemba mvua zikishika, viatu vya ngozi vinaota ukungu kabatini, na lenzi nayo ni vivyo hivyo: ukiangalia kwa tochi kwa pembeni unaona nyuzi kama za buibui. Ile pochi nzuri ya ngozi niliyokuwa naiweka ndiyo ilikuwa inatunza unyevu, nikaigawa. Kamera sasa inakaa kwenye kopo la plastiki la kubana, pamoja na vile vipakiti vya punje vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Nilimwomba muuza viatu akanipa mkono mzima. Kila baada ya miezi miwili natoa punje naziweka kwenye kikaango juu ya moto mdogo zikauke, zinarudi kazini. Wanaoshauri mchele, niliujaribu; kamera ilitoka na unga wa mchele. Nikitoka nayo Mikindani au Msimbati, jioni naifuta kwa kitambaa chenye unyevunyevu wa maji baridi kuondoa chumvi, halafu kikavu. Na naiwasha angalau mara moja kwa wiki, hata kama ni kumpiga picha paka.

Kadi nazo zina mambo yao. Hii yangu inasoma hadi GB 32. Ya 64 niliyozawadiwa iliikataa kabisa, si kwamba ni mbovu, kamera ni ya zama nyingine. Niliwahi kununua moja barabarani iliyoandikwa 32, ikawa inameza picha: baada ya mia kadhaa, zilizofuata zote zilikuwa nusu picha nusu kijivu. Siku hizi nikinunua kadi naijaza yote kwanza nyumbani na kuifungua kwenye kompyuta, kabla haijaona harusi ya mtu. Nikienda steshenari nasukuma kile kiswichi cha pembeni kuifunga, vinginevyo virusi vya pale vinageuza mafolda yote kuwa vivuli, zile "shortcut".

Lakini hasara kubwa niliifanya mwenyewe, bila kirusi wala fundi. Kamera inazipa picha namba, 0001 hadi 9999. Ikifika hapo inaanza tena 0001. Mimi mwaka 2014 nilikuwa nimevuka, na kila kitu nilikuwa namwaga kwenye folda moja la laptopu niliyoazima, linaitwa PICHA. Kompyuta ikauliza kama ibadilishe mafaili yenye majina yanayofanana. Nikasema ndiyo kwa yote, haraka haraka, maana umeme wa sola ulikuwa unaisha. Picha mpya zikakalia za zamani. Wari wa 2012 karibu wote walipotea pale kwa kubofya mara moja. Leo nina folda kwa kila mwezi na nakala mbili, moja kwenye diski, nyingine kwa shemeji Lindi. Nimejifunza baada ya mazishi, kama wasemavyo.

Nilikaa miaka bila kumwambia mtu. Mwaka 2022 akanipigia mama mmoja wa kule kijijini. Mwanawe alitoka jandoni 2012, na alifariki 2019 akiwa na miaka 17. Picha zake zilikuwa kwenye simu ya kaka yake, simu ikaibwa. "Mwalimu, wewe si ulimpiga ile siku? Naomba unisafishie nyingine." Nikasema nitatafuta. Nilijua haipo.

Likizo ya Juni nilipanda kwenda. Nilizunguka nyumba saba, nikila ming'oko kila nilipokaribishwa, mpaka nikaipata Kitangari kwa bibi yake mtoto, imebandikwa ndani ya fremu pamoja na nyingine tisa, kioo kimekamata picha, ukijaribu kuibandua inachanika. Tukaitoa fremu nje nzima nzima. Niliilaza juu ya mkeka kwenye kivuli cha mwembe, nikazima flashi isirudi kwenye kioo, nikaweka ile alama ya ua ya kupigia vitu vya karibu, nikamwomba mjukuu mmoja ashike kanga nyeusi juu yetu ili mbingu isijione kwenye kioo. Kamera nikaiegemeza juu ya vitabu viwili, saa ya kuchelewesha sekunde mbili ili mkono usitikise. Kwa kazi hiyo simu yangu ilishindwa, kivuli chake chenyewe kilikuwa kinaingia. Picha ya nne ikakubali.

Niliisafisha Mtwara kwa ukubwa wa daftari, nikampelekea mwenyewe Agosti. Aliishika kwa mikono miwili, akaenda nayo mlangoni penye mwanga. Akakaa kimya muda.

"Mwalimu, mbona umemkata kofia? Nilimnunulia Newala mjini, ilikuwa na nyota hapa mbele."

Nikamwambia siku ile nilikuwa nabana betri.