Mimi, tumbo langu na treni

Jamani hii nimeona aibu kuiandika muda mrefu ila basi tu. Naishi Mwanga hapa Kigoma, kwetu ni Tabora, na huu mwaka wa nne kila safari naanza kuipanga na choo. Wenzangu wanaulizia nauli, mi naulizia basi linachimba dawa wapi. Siku ya safari sili, maji mafunda mawili tu, na bado hatujafika mbali tumbo linaanza kusokota, kuna siku nilimwomba konda asimamishe mara ya tatu abiria wakachachamaa, mmoja akasema huyu dada kala nini jamani, nikashuka na mtandio wangu nikaingia porini basi zima linanitolea macho, wallahi nilitamani waondoke waniache hukohuko.

Mwanzo nilitibiwa taifodi. Mara tatu! Ikaja amiba, vikaja vidonda vya tumbo, mama mkwe yeye alishasema nimerogwa. Napima choo safi, damu safi, ultrasaundi safi, sasa mtu anakwambia huna tatizo na wewe umejikunja hapo kwenye benchi si unaonekana mwongo? Mpaka nikampata daktari mmoja akaniuliza taratibu, maumivu yanakuja angalau siku moja kila wiki? Yamefika miezi mitatu? Yanaendana na kwenda choo? Yote ndiyo. Akasema hii inaitwa IBS, utumbo hauna kidonda ila haupatani vizuri na ubongo, ndo maana ukiwa na wasiwasi linazidi. Haigeuki kansa, ila dawa ya kuimaliza nayo hakuna.

Akaniambia nijaribu kupunguza maharage, vitunguu, maziwa, ngano, kimoja kimoja nione kipi kinanichokoza. Kwangu ni maharage. Sasa uolewe Ujiji halafu ukatae maharage ya mawese ya mama mkwe! Alininunia mwezi mzima, anadhani naringa, mume wangu ndo akaenda kumwelewesha na sijui alimwambia nini maana siku hizi nikifika nakuta ugali wa muhogo na mgebuka wa kuchemsha, na hatuongelei.

Tabora sasa naenda na treni. Inachelewa, unalala humo usiku kucha, watu wanalalamika, mi nimekaa zangu karibu na mlango wa choo, harufu usiulize. Safari iliyopita tulivyosimama Nguruka nikanunua samaki dirishani nikamla wote mpaka kichwa.