Fort Jesus kwa siku moja, na baridi ya treni

Jumapili ndiyo siku yangu pekee. Kibanda changu soko la Gikomba, Nairobi, nakifunga Jumamosi jioni, na Jumatatu asubuhi nisipofungua mapema wateja wanahamia kwa jirani. Kwa hiyo binti yangu wa gredi ya sita aliponisumbua na Wareno wake wa shuleni na ngome yao ya Fort Jesus, nikajua tukienda Mombasa tutalala ndani ya treni, kwenda na kurudi.

Tiketi ya kurudi niliikata kwanza, maana Jumapili usiku nusu ya Nairobi huwa inarudi kutoka pwani. Tuliondoka stesheni ya Syokimau saa nne usiku. Baridi ya behewa lile! Nilibeba kofia za jua mbili nikasahau sweta.

Miritini, stesheni ya Mombasa, tulifika kabla ya saa kumi alfajiri, tukasinzia kwenye viti vya stesheni mpaka kukapambazuka. Mwenye teksi alitaka pesa za kununua mbuzi, nikapanda matatu. Mjini tukala mahamri kwa mbaazi, na ngome ilipofunguliwa tulikuwa mlangoni.

Hapo ndipo kwenda mapema kulipolipa. Ukuta ulikuwa na kivuli bado, watalii wachache. Mzee mmoja wa kutembeza wageni akatupokea.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Mwatoka bara? Hebu weka mkono hapa."

Binti akaweka. Mawe ni ya matumbawe, na kwa karibu yana vitobo na alama za makombe, kama bahari yenyewe iliyokauka. Wareno walianza kujenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, na kwa juu ngome ina umbo la mtu aliyelala chali. Binti alishinda akitafuta miguu iko wapi.

Mimi nilinasa kwenye njia iliyochongwa mwambani kuteremkia baharini. Waomani waliizingira ngome hii tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698. Karibu miaka mitatu! Waliokuwa ndani walikufa zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, na msaada wa kuja kwa meli ndio walioukodolea macho. Baadaye Mwingereza akaigeuza jela, tangu 1895 hadi 1958. Mzee alilisema hilo haraka haraka, akatupeleka kwenye mizinga.

Saa sita jua lilitufukuza. Jioni tukazunguka Biashara Street kutafuta sweta, na muuzaji akanitazama kama nimeomba theluji. Akatutolea leso jozi moja, akaikata katikati. Usiku ule, behewa zima likinitazama, nilijifunika yenye maua mekundu mpaka shingoni. Binti aliona haya mpaka tulipopita Voi, kisha na yeye akajifunika yake.