Seva moja kwa vihariri vitatu: nilivyoisaidia lugha yetu ya kazini

Ofisini kwetu, Barabara ya Ngong, sheria za mikopo ya Sacco huandikwa kwa lugha ndogo tuliyojitungia wenyewe. Kompaila, yaani programu inayoutafsiri msimbo uweze kuendeshwa na kompyuta, ilikuwapo, lakini anayeandika hakuwa na rangi, mstari mwekundu wala pendekezo la jina. Na wenzangu hawapatani hata kwenye kihariri, programu ya kuandikia msimbo: wengi ni wa VS Code, mmoja yuko Neovim, na mzee wetu wa hifadhidata habanduki kwenye Emacs.

Kumtengenezea kila mmoja kifaa chake ni kujitafutia kazi. Nikashika itifaki ya LSP (Language Server Protocol), kanuni za mazungumzo kati ya kihariri na seva ya lugha, iliyotangazwa na Microsoft, Red Hat na Codenvy mwaka 2016. Unaandika seva moja inayoielewa lugha, kisha kihariri chochote kinaiuliza maswali kwa JSON, muundo wa maandishi wa kubadilishana data. Neovim inaijua itifaki hiyo tangu toleo 0.5, na Emacs inakuja na Eglot tangu toleo 29, kwa hiyo huko ilitosha mistari michache ya mipangilio. VS Code ilidai kiendelezi kidogo cha kuiwasha seva, basi.

Kazi hasa ilikuwa kichanganuzi, sehemu inayosoma msimbo na kuupanga kama mti kwa kufuata sarufi. Kile cha kompaila hukata tamaa kwenye kosa la kwanza, na kwa kompaila hilo halina ubaya. Lakini ndani ya kihariri msimbo haujakamilika karibu muda wote! Mtu akiandika mkopo, akaweka nukta na kusita, ndipo anapotaka aletewe kiasi, muda na riba. Na ndipo hapo sarufi inapodai faili ni mbovu. Nilikiandika upya. Sasa kikikwama kinaliweka kosa kwenye mti kama tawi la kawaida, kinaruka hadi neno linaloanza sheria inayofuata, kinaendelea. Kosa la mstari wa 10 halizimi tena msaada wa mstari wa 200.

Halafu kukawa na kioja cha emoji.

"Buda, hebu njoo uone, mbona hii nyekundu imekaa kando ya kosa?"

Ilikuwa mistari fulani tu, ile yenye ujumbe wa kumpongeza mwanachama. Seva yangu imeandikwa kwa lugha ya Go, inahesabu baiti za UTF-8, namna moja ya kuhifadhi herufi kwenye kompyuta, na emoji ile ina baiti 4. LSP, usipoiambia vingine, hupima nafasi kwa vipande vya UTF-16, namna nyingine ya kuhifadhi herufi, ambako emoji hiyo hiyo ni vipande 2. Alama ikasogea kulia nafasi mbili. Cha kuchekesha, urefu wa kila ujumbe kati ya kihariri na seva, unaotajwa kwenye Content-Length, huhesabiwa kwa baiti! Tangu toleo 3.17 la LSP pande mbili zinaweza kukubaliana kutumia UTF-8, ila seva haina budi kuijua UTF-16 hata hivyo, kwa hiyo niliandika kigeuzi na kukiwekea majaribio yaliyojaa emoji.

Mzee wa Emacs sasa anataka kubadilisha jina katika faili zote kwa mpigo. Nimemwambia angoje. Sheria zetu mbili zinaweza kuwa na jina moja lenye maana tofauti, na mpaka seva ijue kuzitenganisha, sithubutu: hizo ni pesa za wanachama.